Tempranillo, zabibu inayobeba umri

Mimina glasi mbili za mvinyo mwekundu wa Rioja, kaskazini mwa Uhispania: moja ya mavuno ya mwaka juzi, nyingine ya miaka ishirini nyuma. Ya kwanza ni ya zambarau, inanukia stroberi na cheri, na ukiinywa unakutana na tunda kabla ya kitu kingine chochote. Ya pili imepauka ukingoni hadi kushika rangi ya tofali la kuchoma. Harufu yake ni ya tumbaku kavu, ngozi na tini zilizoanikwa, na ladha inabaki kinywani muda mrefu baada ya kumeza. Asiyejua ataapa kwamba ni zabibu mbili tofauti. Zote ni Tempranillo.

Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Wakiuliza Tempranillo ina ladha gani, mmoja anawaambia vanila na nazi, mwingine plamu nyeusi, wa tatu anataja majani makavu na udongo. Kila mmoja yuko sahihi kuhusu chupa aliyoifungua. Ila wa kwanza alikuwa anaeleza mbao za pipa, wa pili mahali, wa tatu miaka. Kuielewa zabibu hii ni kuvichambua vitu hivyo kimoja kimoja, maana yenyewe haina sauti kubwa. Cabernet Sauvignon hujitambulisha popote ilipopandwa, lakini Tempranillo hupokea zaidi kuliko inavyotoa. Kwangu mimi, uwezo huo wa kupokea bila kupoteza umbo ndio unaoiweka miongoni mwa zabibu kubwa za dunia.

Punje, ganda na maji yake

Kichala cha Tempranillo ni kirefu, na punje zake za mviringo zimebanana. Zikiiva huwa na buluu inayokaribia weusi, zimefunikwa utando mweupe kama unga ambao ukiupitishia kidole unafutika na kuacha mng'ao. Majani ni mapana, yamekatika kwa ndani sana, na vuli ikiingia hugeuka mekundu kabisa, shamba zima likaonekana limewaka.

Tafuna punje moja. Ganda ni nene na linakaza ulimi, maji yake hayana rangi, ni matamu, na uchachu wake ni mdogo. Mambo hayo yanaeleza mengi ya kinachofuata. Rangi ya mvinyo mwekundu haitoki kwenye maji ya zabibu, inatoka kwenye ganda, ndiyo maana maji na maganda huachwa pamoja siku kadhaa wakati chachu inageuza sukari kuwa kilevi. Ganda hilohilo ndilo lenye tanini, ile kitu inayokausha ufizi kama chai ya rangi iliyokaa sana kwenye birika. Tempranillo ina rangi ya kutosha na tanini ya kutosha, lakini tanini yake si ya kuparuza.

Udhaifu wake uko kwenye uchachu. Zabibu hii hukusanya potasiamu nyingi, na potasiamu hupunguza makali ya asidi ndani ya mvinyo. Ikipandwa mahali penye joto jingi na maji mengi, mvinyo wake hulegea, unakuwa mzito usio na uhai. Wakulima wa Rioja walilijua hilo zamani, ndiyo maana kwa desturi huichanganya na wenzake. Graciano huongeza uchachu na harufu, Mazuelo huongeza uchachu na tanini, na Garnacha huupa mvinyo joto na unene. Chupa nyingi zinazosifiwa kama Tempranillo zina kidogo cha hizo ndani yake.

Jambo jingine ni kwamba huiva mapema kuliko Garnacha jirani yake. Mizabibu ya Dodoma huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu hakuna majira ya baridi ya kuilaza. Huku kaskazini mwa Uhispania mzabibu hulala wakati wote wa baridi, huchipua majira ya kuchipua, na una miezi michache tu ya kumaliza kazi kabla baridi haijarudi. Zabibu inayoiva mapema ina nafasi ya kufika salama hata kwenye nyanda za juu, na hiyo ndiyo siri ya kwa nini Tempranillo ilitawala maeneo ambayo zabibu za kuchelewa zingekwama.

Wazazi wake

Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba Tempranillo ni mtoto wa Pinot Noir, aliyeletwa na watawa kutoka Burgundy, Ufaransa, kupitia njia ya mahujaji wanaokwenda Santiago de Compostela. Ni hadithi nzuri, na njia hiyo kweli inapita Logroño, mji mkuu wa La Rioja. Lakini mwaka 2012 watafiti wa Uhispania walichapisha matokeo ya vipimo vya vinasaba, na wazazi wakajulikana: Albillo Mayor, zabibu nyeupe ambayo bado inalimwa Ribera del Duero, na Benedicto, zabibu nyeusi ya upande wa Aragón ambayo imebaki kwa nadra sana. Wote ni wa hapohapo Uhispania.

Mzabibu ukishapendwa hauzalishwi kwa mbegu, hukatwa kijiti kikapandwa, hivyo kila shina la Tempranillo duniani ni kipande cha shina lile la mwanzo. Hata hivyo vijiti hubadilika kidogo kidogo kwa karne nyingi. Mwaka 1988, katika shamba moja la Murillo de Río Leza, La Rioja, tawi la mzabibu wa Tempranillo lilionekana limezaa zabibu nyeupe. Vijiti vilikatwa kutoka hapo, na leo Tempranillo Blanco inalimwa rasmi Rioja.

Kwa kusambaa huko, kila mkoa uliipa jina lake. Ribera del Duero wanaiita Tinto Fino au Tinta del País. Toro ni Tinta de Toro. La Mancha na Valdepeñas ni Cencibel, na Wakatalani wanaiita Ull de Llebre. Ukivuka mpaka kuingia Ureno, kwenye bonde la Douro inaitwa Tinta Roriz na ni mojawapo ya zabibu kuu zinazotengeneza mvinyo mtamu wa Port, wakati kusini, Alentejo, ni Aragonez. Mtu anaweza kunywa zabibu hii miaka kumi chini ya majina manne bila kujua kwamba anarudia ileile. Majina haya lakini yana maana kwa wakulima, kwa sababu vijiti vya Toro vilivyokaa Toro kwa karne nyingi vimezoea jua la Toro, vina ganda nene zaidi na punje ndogo zaidi kuliko ndugu zao wa Rioja.

Mahali inapokaa

Rioja inafuata mto Ebro. Upande wa kaskazini kuna safu ya milima ya Cantabria, inayosimama kama ukuta mbele ya mvua na upepo wa Bahari ya Atlantiki. Chini ya ukuta huo ziko Rioja Alavesa na Rioja Alta, kwenye udongo wa mfinyanzi wenye chokaa, na hapo Tempranillo hutoa mvinyo wa umbo jembamba, wenye harufu nzuri na uchachu unaotosha. Ukishuka na mto kuelekea mashariki unaingia Rioja Oriental, ambayo hadi miaka michache iliyopita iliitwa Rioja Baja. Huko ni chini zaidi, joto zaidi, na Garnacha imejichimbia mizizi.

Ribera del Duero ni habari nyingine. Mashamba yako kati ya mita 700 na 1,000 kutoka usawa wa bahari, kando ya mto Duero, kupitia Burgos, Valladolid, Segovia na Soria. Mchana wa kiangazi jua linachoma, usiku joto linashuka kwa nyuzi karibu 20. Jua huivisha sukari na kulifanya ganda liwe nene, baridi ya usiku huzuia asidi isiteketee. Matokeo yake ni mvinyo mweusi zaidi, wenye misuli, unaonukia forosadi na plamu. Lakini mahali hapa pana hatari yake. Baridi ya ghafla inaweza kupiga machipukizi yakiwa yameshafunguka, kama ilivyotokea Aprili 2017, ilipoharibu mashamba ya Ribera na ya Rioja pia, na mkulima akapoteza mavuno ya mwaka mzima kwa usiku mmoja.

Toro, chini zaidi kwenye mto uleule, ni joto na mchanga. Mchanga huo ni baraka, kwa sababu za kihistoria nitakazozieleza punde. Mvinyo wake ni mzito, kilevi chake mara nyingi hufika asilimia 14 au 15, na asiyeuzoea unaweza kumlemea. Naupenda, ila kwa kiasi na pamoja na nyama.

Jinsi mdudu alivyoleta mapipa

Huwezi kueleza ladha ya Rioja bila kueleza janga la Wafaransa. Katika miaka ya 1860, mdudu mdogo jamii ya vidukari, filoksera, aliyetoka Marekani, alianza kula mizizi ya mizabibu kusini mwa Ufaransa. Ndani ya miaka michache mashamba ya nchi nzima yalikuwa yanakauka. Wafanyabiashara wa Bordeaux walihitaji mvinyo wa kuuza, na Rioja ilikuwa karibu, upande wa pili wa milima ya Pyrenees. Reli ilikuwa imeshafika mji wa Haro. Wafaransa wakaja na fedha, na pamoja na fedha wakaja na desturi ya Bordeaux: kuulaza mvinyo kwenye pipa dogo la mwaloni la lita 225.

Mbegu ya jambo hilo ilikuwa imeshapandwa. Marqués de Murrieta alikuwa ameanza kutengeneza mvinyo kwa mtindo wa Bordeaux mwaka 1852, na Marqués de Riscal ikafuata 1858 huko Elciego. Lakini biashara ya miaka ya filoksera ndiyo iliyojenga mtaa wa stesheni pale Haro, ambako viwanda vilipangana kando ya reli ili mapipa yapakiwe moja kwa moja kwenye mabehewa. López de Heredia ni ya 1877, CVNE ya 1879, La Rioja Alta ya 1890. Vyote vipo hadi leo, katika mtaa uleule.

Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu alifika Rioja pia. Kufikia wakati huo dawa ilikuwa imejulikana: mizabibu ya Ulaya ipandikizwe kwenye mizizi ya mizabibu ya Marekani, ambayo mdudu haiwezi. Karibu Rioja yote ikapandwa upya hivyo. Toro ilinusurika kwa sehemu kubwa, kwa sababu filoksera hawezi kuchimba njia kwenye mchanga, ndiyo maana hadi leo kuna mizee ya mizabibu huko inayosimama kwa mizizi yake yenyewe.

Wafaransa waliporudi kwao, mapipa yalibaki. Ila Wahispania hawakuendelea kununua mwaloni wa Kifaransa, walichukua wa Marekani, uliokuwa rahisi kupatikana na wa bei nafuu. Unafuu huo una sababu ndani ya mti wenyewe. Vishimo vya mwaloni mweupe wa Marekani vimezibwa kwa asili, hivyo gogo linaweza kupasuliwa kwa msumeno bila mbao kuvuja. Mwaloni wa Kifaransa ni lazima upasuliwe kwa kufuata nyuzi zake, la sivyo pipa litavuja, na sehemu kubwa ya gogo inapotea. Mwaloni wa Marekani pia una laktoni nyingi zaidi, kemikali zinazonukia nazi, pamoja na vanilini. Ile harufu ya vanila na nazi ambayo watu wanadhani ni ya Tempranillo imetoka msituni Marekani.

Pipa linafanya kazi nyingine kubwa kuliko kutia harufu. Mbao hupitisha hewa kidogo mno, na hewa hiyo huzifanya chembe za tanini ziungane, zikue, nyingine zishuke chini kama mashapo. Mvinyo unalainika. Kila baada ya muda lazima uhamishwe kutoka pipa moja hadi jingine ili uachane na mashapo yake. La Rioja Alta bado wanafanya kazi hiyo kwa mkono, takriban kila miezi sita. Mfanyakazi hufungua pipa la juu, mvinyo unashuka wenyewe kwenda pipa la chini, bila pampu. Yeye anakinga kidogo kwenye glasi na kuipeleka mbele ya mshumaa. Mwali ukionekana safi kupitia mvinyo, anaacha uendelee. Ukianza kuwa na ukungu, hata mwembamba kama uzi, anafunga palepale. Kinachobaki ni mashapo, na pipa linaoshwa kabla ya kupokea mvinyo mwingine.

Tempranillo inastahimili hayo yote kwa miaka. Zabibu nyingi zikikaa muda mrefu hivyo kwenye mbao hukauka, tunda likafa, ukabaki unakunywa ubao. Hii hubadilika taratibu: stroberi mbichi inakuwa stroberi iliyokaushwa, kisha tini, kisha ngozi na tumbaku. Hilo ndilo ninalolisifu kuliko yote.

Maneno yaliyo kwenye lebo

Rioja ilipata sheria za kulinda jina lake kuanzia 1925, na mwaka 1991 ikawa eneo la kwanza Uhispania kupewa daraja la juu kabisa, DOCa. Sheria hizo ndizo zilizoleta maneno ambayo mnunuzi hukutana nayo. Crianza nyekundu ya Rioja ni mvinyo uliokaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, mmoja kati yake kwenye pipa. Reserva ni miaka mitatu, angalau mmoja kwenye pipa na miezi sita kwenye chupa. Gran Reserva ni miaka mitano, angalau miwili kwenye pipa na miwili kwenye chupa. Nyuma ya kila chupa kuna stika ya udhibiti yenye rangi yake, nyekundu kwa Crianza, buluu kwa Gran Reserva. Ribera inatumia maneno hayohayo. Zile nyavu za waya wa dhahabu zinazofunika baadhi ya chupa zilikuwa kinga dhidi ya matapeli waliojaza mvinyo hafifu kwenye chupa za watu mashuhuri. Leo ni pambo tu.

Wengi husoma maneno haya kama madaraja ya ubora: Crianza nzuri, Reserva nzuri zaidi, Gran Reserva bora kabisa. Maneno haya yanapima muda. Ni kweli kwamba mtengenezaji makini hatatenga zabibu dhaifu kwa kazi ya miaka mitano, maana hazitaivumilia, kwa hiyo mara nyingi muda na ubora hutembea pamoja. Lakini si kila mara. Mvinyo wa kawaida uliolazwa miaka mitano unakuwa mvinyo wa kawaida uliozeeka. Na mvinyo bora kabisa unaweza kutoka bila neno lolote kati ya hayo: Pingus, uliotengenezwa kwa mara ya kwanza Ribera mwaka 1995 na Peter Sisseck, mtu wa Denmark, ni kati ya mivinyo ghali zaidi Uhispania, na hautegemei neno Reserva kujieleza.

Pia kuna upande ambao haupewi heshima yake. Katika Rioja Alavesa, kwenye vijiji vya kuzunguka Laguardia, wakulima wadogo hutumbukiza vichala vizima kwenye tangi bila kuvisaga. Uchachukaji unaanza ndani ya punje yenyewe, na mvinyo unatoka ukiwa na rangi kali, laini, umejaa harufu ya matunda, tayari kunywewa ndani ya miezi michache. Haujawahi kuonja pipa. Ukitaka kuisikia Tempranillo yenyewe, bila mwaloni na bila miaka, huo ndio mvinyo wa kuutafuta. Na ni wa bei ya mtu wa kawaida.

Ribera ilichelewa kupata sifa. Kwa zaidi ya karne moja jina lililosikika huko lilikuwa Vega Sicilia, shamba lililoanzishwa mwaka 1864 na Eloy Lecanda, aliyeleta pia vijiti vya Cabernet Sauvignon na vingine kutoka Bordeaux. Mvinyo wake mkuu, Único, hukaa takriban miaka kumi kabla ya kuuzwa. Mwaka 1972 Alejandro Fernández alianzisha Pesquera, akatumia Tempranillo pekee na kuonyesha kwamba zabibu hii katika nyanda hizo za juu haihitaji msaada wa Mfaransa. Mwaka 1982 Ribera del Duero ikapata ulinzi rasmi wa jina lake, na viwanda vikaongezeka haraka.

Ubishi wa leo uko Rioja. Kizazi kipya cha watengenezaji kinasema kuhesabu miezi ya pipa kumeficha ardhi, na kwamba lebo inapaswa kumwambia mnywaji zabibu zimetoka kijiji gani, shamba gani. Artadi, kiwanda cha Laguardia, kilijitoa kwenye DOCa Rioja mwishoni mwa 2015 kwa sababu ya mvutano huo. Mwaka 2017 wasimamizi wa Rioja walikubali daraja jipya, Viñedo Singular, kwa ajili ya mashamba ya pekee yenye mizabibu ya umri wa miaka 35 au zaidi. Wako wanaoona kwamba harufu ya nazi ya mwaloni wa Marekani ni ya kizamani na wamehamia mwaloni wa Kifaransa, au matangi ya saruji, au mapipa makubwa yasiyotia harufu. Mimi siko upande wa kuizika desturi ya zamani. Gran Reserva ya Haro iliyokaa kwenye mapipa makuukuu ya Marekani ina ladha ambayo hakuna eneo jingine duniani linaloweza kuitoa, na ikipotea haitarudishwa na mtu. Lakini wanaodai jina la shamba liandikwe wana haki: zabibu inayopokea kila kitu kutoka mahali ilipo ingekuwa ajabu kuinyima jina la mahali hapo.

Anayetaka kuanza asinunue ghali. Achukue Crianza ya Rioja na Crianza ya Ribera del Duero za mwaka mmoja au inayokaribiana, azifungue meza moja. Zisiwe na joto la chumba la nchi zetu, nyuzi 16 hadi 18 zinatosha, kwa hiyo ziingie kwenye friji nusu saa kabla, maana joto likizidi kilevi hujitokeza na kufunika tunda. Wenyeji wa Rioja hunywa na mbavu za mwanakondoo zilizochomwa kwa moto wa vijiti vya mizabibu vilivyopogolewa, na wale wa Aranda de Duero na Peñafiel hunywa na mwanakondoo mchanga wa kuoka kwenye tanuri la kuni. Mafuta ya nyama hulainisha tanini, na chumvi hulitokeza tunda. Ya Rioja ataiona nyepesi, yenye harufu iliyotangulia mbele. Ya Ribera itakuwa nyeusi na nzito zaidi, na huenda ikahitaji saa moja wazi kabla haijafunguka. Iliyobaki azibe kizibo, airudishe kwenye friji na kuionja tena kesho yake.